Jirani Anataka Kupandisha Ghorofa 14: Pingamizi Lako Liseme Nini

Ukiona kibao kimefungwa kwenye ua wa jirani kikisema mwenye ploti anaomba kubadilisha matumizi kutoka nyumba ya familia moja hadi apatimenti, kipige picha siku hiyohiyo. Maandishi yasomeke, namba ya ploti ionekane. Tangazo la namna hiyo kwa kawaida huwapa majirani siku 14 za kupeleka maoni au pingamizi kwa kaunti, na wengi huja kushtuka trekta likishaingia.

Mimi ni mpangaji miji hapa Nairobi. Nimeandaa maombi ya wenye ploti, nimewasaidia pia wakazi wanaoyapinga, na barua za pingamizi nilizosoma ni nyingi. Zinazoanguka hufanana: zinaeleza uchungu wa mwandishi bila kusema lolote kuhusu ardhi yenyewe. "Mtaa wetu umekuwa mtulivu tangu zamani." "Nyumba yangu itashuka bei." "Watakuja watu tusiowajua." Afisa wa mipango hana kifungu cha kupimia hayo. Hilo la watu wasiojulikana naomba ulifute kabisa, kwa sababu si haki. Kijana anayetafuta chumba kimoja cha kulala Kilimani ana haki ya mji huu sawa na wewe uliyerithi nusu ekari. Pinga ukubwa wa jengo mahali lilipo. Watakaokaa ndani waache.

Msingi wako ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Inamtaka mwenye kujenga apate kibali cha kaunti, na inamtaka pia autangazie umma mradi wake na kuwaalika wenye pingamizi walipeleke kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Barua yako basi haiombi fadhili. Ipeleke kwa mkono, upate nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri ule, baadaye utabaki ukiapa kwamba uliandika.

Sasa hoja zenyewe, na mimi huanza na hesabu ya ukubwa. Kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni sehemu ya ploti inayofunikwa na jengo. Cha pili ni jumla ya sakafu zote ikilinganishwa na ukubwa wa ploti. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,020. Tuseme mwongozo wa ujenzi wa eneo lenu unaruhusu kufunika asilimia 35, na jumla ya sakafu isizidi asilimia 75. Jengo litafunika mita 707, na sakafu zote pamoja hazitapita mita 1,515. Mchoro wa ghorofa 14, kila moja mita 700, unatoa mita 9,800, ambayo ni karibu asilimia 485. Barua yenye mistari hiyo mitatu ya hesabu inamlazimisha afisa aeleze kwa maandishi ni kwa nini anaruhusu mara sita na zaidi ya kiwango. Mwenye ploti atajibu kwamba mwongozo wa ujenzi wa Nairobi wa mwaka 2004, ambako vipimo hivyo hutoka, umepitwa na wakati. Hapo ana hoja, na wakazi wa Rhapta Road kule Westlands walilazimika kubishana kuhusu mwongozo huo mahakamani. Ndiyo maana hesabu ya ukubwa peke yake haitoshi.

Hoja yenye nguvu kuliko zote iko chini ya ardhi. Mabomba ya majitaka katika mitaa ya zamani kama Kileleshwa yalilazwa kwa ajili ya nyumba chache zenye bustani kubwa. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 120 kwa siku na asilimia 80 ya maji hayo ikiishia kwenye bomba, inatoa lita zisizofika 600. Weka hapo apatimenti 112 zenye watu watatu watatu: ni watu 336, na zaidi ya lita 32,000 kila siku kutoka ploti ileile. Wakijenga ploti nne za barabara moja, hakuna bomba la zamani litakalostahimili, na majitaka yatafurika kwenye shimo la mabomba lililo chini kabisa ya mteremko, pengine mbele ya lango lako. Uliza kwa maandishi: bomba la barabara hii lina kipenyo gani, na liko wapi thibitisho la kampuni ya maji kwamba litabeba mzigo huo? Swali hilo moja nimeliona likirudisha mchoro mezani ukapunguzwe ghorofa.

Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua. Bustani iliyokuwa ikinywa mvua inageuzwa saruji na maegesho ya chini, na baada ya mafuriko ya mwaka 2024 hakuna afisa wa Nairobi anayeweza kusema jambo hilo ni dogo.

Kuhusu mwanga, wengi huiga hoja za nchi za mbali. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko juu, na kivuli ni kifupi mwaka mzima. Kinachoumiza ni jengo lililo mashariki au magharibi yako. Saa mbili na nusu asubuhi jua liko kwenye pembe ya kama digrii 30, na jengo la mita 45 linatupa kivuli cha karibu mita 78. Chora mstari huo kwenye ramani ya mtaa, uonyeshe nyumba zinazofunikwa. Kama jengo liko kaskazini yako, iache hoja hii. Hoja dhaifu huharibu zile nzuri.

Kuna njia ya pili ambayo wakazi huisahau: leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Kibali cha kaunti na leseni ya mazingira ni vitu viwili, na kupinga kimoja hakuzuii kingine. Mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira atapita nyumba kwa nyumba, au atamtuma kijana mwenye adabu sana, akiwa na fomu ya maoni. Watu huitia sahihi wakiwa wamesimama langoni, halafu sahihi hiyo inatokea kwenye ripoti kama ushahidi kwamba majirani walishirikishwa. Msaidizi wa nyumba asitie sahihi kwa niaba yako. Ijaze wewe, andika pingamizi kwa maneno kamili, na piga picha kila ukurasa kabla ya kuirudisha. Leseni ikitolewa nawe huridhiki, una siku 60 za kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile la kusikiliza rufaa tunaloliita NET (National Environment Tribunal).

Upande wa kaunti muda ni mfupi mno. Uamuzi ukitoka, anayeupinga ana siku 14 tu kufika kwenye kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, inayosikiliza rufaa hizo, na baada ya hapo ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usisubiri kuletewa uamuzi nyumbani. Nenda uuulizie kila wiki.

Nasema haya nikiamini kwamba Nairobi inahitaji nyumba nyingi zaidi, zikiwemo kwenye mitaa ya wenye nafasi. Lakini nenda Pipeline, Embakasi, uingie chumba cha ghorofa ya pili adhuhuri: taa imewashwa, kwa sababu jengo la pili limesimama karibu mno na dirisha. Wapangaji wa pale walistahili afisa aliyehesabu, na hawakumpata.

Kwa hiyo katika barua yako sema pia unachoweza kukikubali. Ghorofa sita, mita kadhaa zaidi kutoka ukutani kwako, bomba jipya la majitaka kwa gharama ya mwenye mradi, ukaguzi wa nyufa za nyumba jirani kabla ya kuchimba. Afisa anaweza kugeuza mambo hayo kuwa masharti ya kibali. Na hata kama barua itashindwa, piga picha za kuta zako zote zenye tarehe kabla mashine haijafika.