Studio za Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipita komini ya Katuba, ya Kenya, ya Kamalondo au ya Ruashi, hukosi kukuta chumba kidogo chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani, ordinateri moja, mikro moja, na vijana wamekaa kwenye kizingiti wakingoja zamu. Hizo ndizo studio zetu. Siku hizi zina zana ambazo wazee wetu hawakuziota, na majukwaa ya dunia yamefika mpaka kwetu: Apple Music ilifungua Kongo mwaka 2020, Spotify ikafuata 2021. Na maneno nayo yamefuata. Mengine ni ya kweli. Mengine yanamfanya mtu auze pikipiki ili anunue mikro asiyoihitaji, huku hajawahi kuandika popote kwamba wimbo ni wake.

"Bila vifaa vya Bulaya hakuna sauti safi"

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodia, alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, kijana mmoja mpiga gitaa. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, yule wa Bayeke. Alirekodiwa hukohuko Katanga, si Brussels wala Johannesburg, na sahani zake zikafika Nairobi na Afrika Kusini. Mpaka leo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanahangaika kuiga vidole vyake.

Kwa upande wa programu za kurekodia, kisingizio cha bei kimekwisha. BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. Audacity ni ya bure pia. Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio, ambayo wengi hapa tumeizoea, imetengenezwa na kampuni ya Ubelgiji, na ukiinunua mara moja matoleo yote yanayokuja unayapata bila kuongeza kitu. Ile besi nzito ya amapiano inayotikisa baa zetu ilitoka kwenye DX10, chombo kidogo kilichokuja ndani ya FL Studio yenyewe. Hakuna aliyeagiza mashine kutoka Ujerumani.

Mtu atasema: mimi natumia toleo lililovunjwa, halinigharimu chochote. Sawa, mpaka siku virusi vilivyojificha humo vinapofunga mafaili yote ya wateja wako.

Kama una feza kidogo ya kutumia, itumie kwa chumba. Godoro jembamba linameza sauti kali za juu tu. Besi inabaki inazunguka pembeni, ndiyo maana nyimbo zetu nyingi zinasikika nzuri studio na matope ndani ya gari. Mablanketi mazito, kabati lililojaa nguo na kaske za masikioni zenye ukweli vinasaidia kuliko mikro ya dola 400. Halafu kuna kuranti. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, jenereta ya jirani inaanza kunguruma. Siku hizi kuna virekodi vidogo vinavyotumia mfumo wa biti 32, na wauzaji wanasema sauti "haipasuki kamwe". Ni kweli kwamba mwimbaji akipiga kelele ghafla unaweza kuirudisha chini baadaye bila kuharibika, ilimradi mikro yenyewe haikuzidiwa. Lakini jenereta iliyoingia kwenye mikro imeingia. Mfumo huo utaihifadhi vizuri sana.

"Ikipiga kwa nguvu zaidi, itasikika zaidi"

Kwenye majukwaa, hapana. Spotify na YouTube hurekebisha ukubwa wa sauti kufikia kiwango cha karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), Apple Music karibu -16. Wimbo uliobanwa mpaka ukapoteza pumzi unateremshwa tu, na ukishateremshwa unasikika mnyonge kando ya wimbo ulioachiwa nafasi. Kwenye fimbo ya USB ya taxibus, au kwa DJ wa baa, hakuna anayerekebisha kitu. Ukiweza, toa matoleo mawili.

Kuhusu Dolby Atmos, ile sauti inayomzunguka msikilizaji pande zote: wasikilizaji wako wanatumia simu yenye spika moja. Ruka.

"Nigeuzie MP3 iwe WAV, sauti itarudi"

Hairudi. MP3 inapotengenezwa, sehemu ya sauti inatupwa, na kuibadilisha jina hakuifufui. Najua kwa nini watu wanatuma MP3: dakika moja ya WAV, faili ya sauti isiyopunguzwa, ya biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu megabaiti 16, wakati MP3 ya ubora wa juu kabisa ni megabaiti 2.4, na mega hapa ni ghali. Lakini tangu Septemba 2025 hata Spotify inatoa sauti isiyopunguzwa kwa wanaolipia katika nchi kadhaa. Kama intaneti haitoshi, peleka faili kwa fimbo ya USB, kwa miguu.

"Akili bandia imenitengenezea, basi ni yangu"

Hapa watu wanachanganya zana mbili tofauti. Ya kwanza ni ile inayotenganisha sauti: unaipa wimbo uliokwisha, inakutolea sauti ya mwimbaji peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake. Deezer ya Ufaransa ilitoa Spleeter mwaka 2019, ya bure. Demucs ya kampuni ya Meta inafanya kazi vizuri zaidi. Ukishaiweka kwenye ordinateri haihitaji intaneti. Mwaka 2023 The Beatles walitoa wimbo ambao sauti ya John Lennon ilitolewa kwa njia ya namna hiyo kwenye kaseti ya zamani, iliyokuwa na piano juu yake. Fikiria ni kaseti ngapi za kwaya na orkesta za Katanga zimelala kwenye masanduku ya wajomba zetu. Kwangu mimi hii ndiyo zana yenye faida kubwa zaidi kwetu kati ya zote zilizotoka miaka hii, na ndiyo inayozungumzwa kidogo zaidi. Ila kutenganisha sauti ya mtu hakukufanyi mwenye sauti hiyo. Ruhusa inabaki kwa wenye wimbo.

Zana ya pili ni ile unayoiandikia maneno nayo inakuimbia wimbo mzima, kama Suno au Udio. Ukitumia Suno ya bure, masharti yake hayakuruhusu kuufanyia biashara wimbo uliotoka. Ukilipia unaruhusiwa, lakini kuruhusiwa kuuza si sawa na kuwa na hakimiliki. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kuandika maagizo tu hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Kinacholindwa ni kile ambacho binadamu ametunga mwenyewe. Kwa hiyo mashairi yako uliyoyaandika kwa kalamu ni yako. Melodia ambayo mashine ilikupa, jirani akiichukua, utamshitaki kwa kosa gani?

Makampuni makubwa matatu, Universal, Sony na Warner, yalizishitaki Suno na Udio Juni 2024 kwa kufundishia mashine nyimbo zao bila ruhusa. Mwishoni mwa 2025 Universal ilielewana na Udio, na Warner na Suno, kwa mikataba ya leseni. Wakubwa wamekaa mezani. Mtunzi wa Kampemba ambaye nyimbo zake hazina jina lake popote hana kiti pale.

Wengine wanasema majukwaa hayatajua. Deezer inazitambua nyimbo za namna hiyo na tangu Juni 2025 inaziwekea alama. Na kusema kweli, sikio nalo linajua: mashine inaimba Kiswahili kama mgeni aliyekisoma kitabuni. Kiswahili cha Lubumbashi hakijui.

"Biti ni ya bure, nimeiteremsha YouTube"

Hili ndilo linaloua nyimbo nyingi zaidi, na huua zile zilizoanza kupendwa.

Biti hapa ni mdundo uliokwisha tengenezwa, wa kuimbia juu yake. Neno "bure" kwenye biti za YouTube mara nyingi linamaanisha bure kwa mazoezi, au bure mradi hupati feza. Ukiupeleka wimbo kwenye majukwaa umeshaingia biashara. Hatua ya pili ni kukodi biti: unalipa dola chache, unapewa leseni yenye kikomo cha miaka au cha idadi ya kusikilizwa, na biti hiyohiyo anakodishiwa mwingine Lagos na mwingine Paris. Hatua ya tatu ni kuinunua wewe peke yako, na hapo bei inapanda. Watu wanalipa bei ya hatua ya pili wakidhani wamenunua ya tatu.

Balaa linakuja na Content ID, mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti. Msanii mmoja kati ya wale waliokodi anaisajili biti kama yake, na mfumo unaanza kudai mapato kwenye klipu za wengine wote. Hapo kuna mtu aliyekodi kwa haki na risiti anayo, lakini feza inaenda kwa mwingine wakati wanabishana. Wasambazaji, yaani makampuni yanayokupelekea wimbo kwenye majukwaa, wanakataza kuingiza kwenye Content ID wimbo wenye biti isiyo yako pekee, au lupu (vipande vya sauti vya kurudiarudia) za maktaba kama Splice ambazo zimo ndani ya maelfu ya nyimbo. Kile kisanduku unachokiwekea alama haraka haraka wakati wa kupandisha wimbo ndicho kinachouliza jambo hili.

Dawa yake haihitaji intaneti: mtengeneza biti wa mtaani kwako. Yuko, ana njaa ya kazi, na mkibishana mnakutana. Lakini naye pia mwandikiane. Karatasi moja: jina la wimbo, nani ametunga mashairi, nani melodia, nani biti, asilimia ya kila mmoja, tarehe, sahihi. Mpige picha, kila mtu abaki nayo kwenye simu. Fanyeni hivyo siku ya kurekodi, kwa sababu wimbo ukishapiga, hata aliyekwenda kununua maji ya kunywa atakumbuka kwamba kiitikio kilitoka kinywani mwake.

"Spotify inalipa kiasi fulani kwa kila kusikilizwa"

Hakuna bei ya kila kusikilizwa. Mapato ya nchi moja, ya wanaolipia na ya matangazo, yanawekwa kwenye mifuko. Karibu theluthi mbili inaenda kwa wenye haki, kila mmoja kwa fungu lake. Tuseme sehemu hiyo ya wenye haki kwa mwezi ni dola 100,000 na wimbo wako umechukua mara 1 kati ya kila 10,000 zilizosikilizwa: fungu ni dola 10, kabla msambazaji hajakata chake. Ndiyo maana shangazi aliye Brussels na analipia kila mwezi anakuletea zaidi kuliko rafiki wa Kamalondo anayesikiliza na matangazo. Anayelipwa moja kwa moja pia si wewe. Ni msambazaji au lebo, na mkataba wenu ndio unaosema kinachobaki.

Tangu 2024, wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12 haupati kitu upande wa kurekodi kwenye Spotify. Kanuni hiyo ilileta wale vijana wa WhatsApp wanaouza "mara 10,000 kwa dola 15". Mwaka huohuo Spotify ilianza kuwatoza wasambazaji faini kwa kila wimbo uliojaa usikilizaji wa bandia, na msambazaji hailipi kwa roho safi: anakuteremshia wewe, au anauondoa wimbo. Marekani, Septemba 2024, mtu alishitakiwa kwa mchezo huu uliodaiwa kumletea zaidi ya dola milioni 10. Kwa dola 15 unanunua hatari hiyohiyo bila hizo milioni.

"Nina ISRC, wimbo umelindwa"

ISRC ni namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi moja, basi. Msambazaji anakupa. Inasaidia kuhesabu, haithibitishi kwamba wewe ndiwe mwenyewe. Haki yako ilianza siku ulipotunga, bila kusajili popote: ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, na Kongo ina sheria yake ya hakimiliki, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kusajili SOCODA, shirika la Kongo linalokusanya haki za watunzi, lililochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, ni kwa ajili ya kukusanya: redio, televisheni, baa, utunzi. Msambazaji wa kidijitali hakusanyi hayo. Yeye anashika upande wa rekodi tu. Malalamiko ya wasanii kuhusu mgao ni ya tangu zamani, na asiyejiandikisha hana hata pa kuyapeleka.

Ukihama msambazaji, hama na ISRC zako za zamani, la sivyo hesabu ya usikilizaji inaanza sifuri. Na kabla ya kumchagua, soma ukurasa wa malipo kwanza. Wengi hulipa kwa benki, PayPal au Payoneer, na huweka kiwango cha chini ambacho usipokifikisha feza haitoki. Ukiona kwamba hakuna hata njia moja unayoweza kuitumia ukiwa Lubumbashi, tafuta mwingine, hata kama huyo ndiye anayetumiwa na kila mtu.