Si kila ugonjwa wa ngozi ya sungura au paka unaambukiza watoto

Kwenye nyumba nyingi za Tandika na Mbagala, Dar es Salaam, sungura akinyonyoka manyoya hukumu ni moja: atolewe, atawaambukiza watoto. Kwa magonjwa mengi si kweli. Yale magamba mazito ndani ya masikio ya sungura huletwa na utitiri, yaani vijidudu vidogo sana, ambao haumshiki binadamu. Utitiri wa upele wa mwilini unaweza kumwasha mtoto anayempakata mnyama, lakini hauendelei kuzaliana kwenye ngozi yetu. Mnyama akitibiwa, muwasho nao huisha.

Kinachoambukiza kweli ni choa, na hapo ndipo watu wanapozembea. Choa ni kuvu, si mdudu. Paka anaweza kuwa nayo bila alama yoyote, na vijimbegu vyake hukaa miezi mingi kwenye mkeka na matandiko. Mtoto akitoka duara lenye magamba na kingo zilizoinuka, tafadhali msimpake krimu yenye steroidi: muwasho hutulia huku kuvu ikisambaa. Mapunye, yaani choa ya kichwani, yanahitaji dawa ya kumeza, kupaka pekee hakutoshi. Mnyama naye aonwe na daktari wa mifugo wakati huohuo, hata kama manyoya yake yanang'aa.