Uzamili wa sayansi ya siasa si shule ya ubunge

Ukimwambia mtu unasoma uzamili wa sayansi ya siasa, swali la kwanza ni: "Unagombea jimbo gani?" Dhana hii ni ya miaka mingi, na inawapotosha vijana wengi wanaochagua masomo.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama. Shahada haimo. Hata marais wa zamani hawakupitia huko: Kikwete alisoma uchumi. Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu (PhD) ya kemia.

Darasani hufundishwi kuhutubia. Unajifunza kuuliza swali linalopimika, kwa mfano kwa nini wapigakura wanapungua katika kata fulani, kisha unalitafutia ushahidi: kuchagua sampuli, kuandaa hojaji, kusaili watu, kupekua nyaraka, kuchambua takwimu. Tasnifu, yaani andiko la utafiti la kumalizia shahada, ndiyo kazi nzito, na hapo ndipo wengi hukwama (mara nyingi kwa sababu swali lao ni pana mno). Wahitimu hufundisha, hufanya utafiti, huchambua sera wizarani au kwenye mashirika. Wachache hugombea, kama wanavyogombea walimu na wanasheria.