4,294,967,297 si namba tasa

Chukua 3. Toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza 1: unapata 5. Rudia, zinakuja 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, na ndiyo maana ni rahisi kuamini kila inayofuata ni tasa pia. Hata mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa, karne ya 17, aliamini hivyo.

Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika: ni 641 × 6,700,417. Hakuhitaji kujaribu kila namba, kwani kigawanyo chake chochote kilicho tasa, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Jaribu tasa za aina hiyo: 193, 257, 449, 577, zote zinagoma. Ya tano ni 641, na hapo hakibaki kitu. Kwangu huu ni uzuri mtupu. Baada ya 65,537, hadi leo haijapatikana tasa nyingine katika mfuatano huo.