Je, wajua kwa nini kutoa pumzi polepole humsaidia mwanafunzi kutulia kwenye kitabu?

Karatasi za mtihani zinapokaribia kugawiwa, ushauri ni uleule: "Vuta pumzi!" Ushauri huo ni nusu tu. Kazi kubwa iko kwenye kuitoa.

Jaribu sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hadi uyasikie mapigo. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukivuta, mapigo hukimbia kidogo. Ukitoa, hupungua mwendo. Inayopunguza mwendo huo, kama breki, ni neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka chini ya ubongo, ikashuka shingoni hadi kifuani na tumboni. Wakati wa kuvuta pumzi breki hulegea, wakati wa kutoa hukaza. Basi anayerefusha kutoa anairefusha breki.

Ubongo nao huifuatilia pumzi. Mwaka 2017, kwenye jarida la Science, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza kikundi kidogo cha seli katika shina la ubongo wa panya, zinazopeleka habari za upumuaji kwenye sehemu inayoamsha tahadhari. Seli hizo zilipoondolewa, panya waliendelea kupumua, ila wakawa watulivu mno: badala ya kunusanusa huku na huko, walikaa wakijisafisha manyoya. Panya hasomi fizikia, lakini njia kati ya pumzi na wasiwasi imeonekana.

Kwenye yoga mazoezi ya pumzi huitwa pranayama, na la kuanzia halihitaji mkeka. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili sakafuni, mgongo wima bila kuuegemeza. Mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Funga mdomo. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa kwa pua hadi 6. Mkono wa tumboni ndio usogee. Wa kifuani utulie. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20. Usihesabu kwa simu, maana ukiishika tu utajikuta unasoma ujumbe. Kunja kidole kimoja kila pumzi: vidole vyote kumi mara tatu ni dakika 5. Kama 4 kwa 6 inakubana, anza na 3 kwa 4 wiki nzima.

Kosa la kawaida ni kuvuta hewa nyingi, mabega yakipanda hadi masikioni. Hapo mtu huitoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, mishipa ya damu ya ubongo hubana, kichwa huwa chepesi na vidole hufa ganzi. Wengi hudhani wanakosa hewa, wakazidisha kuvuta, na hali ikazidi. Pumzi nzuri ni ndogo: aliye karibu nawe asiisikie. Ukiona kizunguzungu, acha kuhesabu, pumua kawaida.

Usifanyie kitandani, utalala. Wala mara baada ya sahani ya ugali, kwa sababu tumbo lililojaa hukizuia kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kushuka.

Na kama tatizo lako ni usingizi wala si wasiwasi, pumzi ndefu zitakumalizia kabisa. Simama. Nyayo zitengane kidogo, inua mikono juu ukivuta pumzi, ishushe ukitoa, mara 10; kisha zungusha mabega nyuma na ulaze shingo kulia na kushoto bila kuivuta kwa mkono. Kapalabhati, ile ya kusukuma pumzi kwa mikupuo ya tumbo, huchangamsha kweli, lakini haimfai mjamzito, mwenye shinikizo la damu wala mwenye kifafa.

Usilingoje zoezi hili asubuhi ya mtihani. Lifanye kila siku kabla ya kufungua daftari, kwenye kiti kilekile. Katikati ya kusoma, ukigundua macho yamepita ukurasa mzima bila kitu kuingia, toa pumzi tatu za 4 kwa 6, kisha rudi kwenye sentensi ya mwisho uliyoielewa, si mwanzo wa sura.