Tiempo si taimu

Mtu aliyekulia Kiswahili anauliza kwa Kihispania *¿Qué tiempo es?* akitaka kujua ni saa ngapi. Kosa hilo halikutoka kwenye Kiswahili. Amejifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, na huko njiani ndiko alikolizoa. Kosa linarudi kila muhula, kila darasa, na halina sababu ya kuwepo.

Dhana: tiempo ni taimu, penye taimu weka tiempo.

Kiingereza kimerundika vitu vitatu katika neno moja, *time*, yaani taimu. Kihispania kimevitenga: *tiempo*, *vez* na *hora*. Kiswahili nacho kimevitenga: muda au wakati, mara, na saa. Kwa hiyo itunge sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ikitoka “mara”, weka *vez*. Ikitoka “saa”, weka *hora*. Ikitoka “muda”, hapo ndipo *tiempo* inapoingia. “Nimekisoma mara tatu” ni *lo he leído tres veces*, wala si *tres tiempos*. “Mara ya kwanza” ni *la primera vez*. “Sina muda” ni *no tengo tiempo*.

Kipimo hiki kina mashimo, yajue mapema. “Mara moja” yenye maana ya upesi si *una vez*, ni *enseguida*. Katika kuzidisha, “mbili mara tatu” ni *dos por tres*, bila *vez* yoyote. “Wakati nilipofika” ni *cuando llegué*, kwa kuwa hapo “wakati” inaunganisha tu sentensi. Na “wakati mwingine”, ukimaanisha si siku zote, ni *a veces*.

Kwenye *hora* kuna mtego wetu wenyewe, ambao Kiingereza hakihusiki nao. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza na linapozama. Wahispania wanaanzia usiku wa manane na adhuhuri. Saa moja asubuhi ni *son las siete de la mañana*. Ukiambiwa *es la una* mchana, ni saa saba. Ongeza sita, na ukivuka 12 toa 12. Ukiwa na miadi ya saa moja jioni ukaandika *a la una*, mwenzako atakuwa amekusubiri tangu mchana. Halafu *es* ni ya *la una* tu, pamoja na dakika zake: *es la una y media*. Nyingine zote ni *son las*. Saa ya ukutani au ya mkononi ni *reloj*. Usiniambie umenunua *una hora*.

Kitenzi ninachopenda kuwapa wanafunzi hapa ni “kuwahi”, kwa sababu kinabeba pande zote mbili, *tiempo* na *vez*. “Tuliwahi” ni *llegamos a tiempo*. “Sitawahi kumaliza” ni *no me va a dar tiempo a terminar*, na katika Amerika ya Kilatini utasikia zaidi *de terminar*. Lakini “umewahi kula paella?” ni *¿has comido paella alguna vez?* Hapo tunauliza kama imetokea hata mara moja, basi ni *vez*.

Dhana: huwezi kujua kama tiempo ni muda au hali ya hewa.

Unajua, ukiangalia neno jirani. *Hace buen tiempo*, *hace mal tiempo*: hali ya hewa. *Hace mucho tiempo*: ni zamani. Sifa ya uzuri au ubaya inakupeleka angani, kiasi kinakupeleka kwenye muda. *Hace un tiempo* peke yake ni “kitambo kidogo”. Ongeza *horrible*, tayari unazungumzia mvua na upepo. Kitenzi ni *hace*, usiseme *es buen tiempo* ukimaanisha kumekucha vizuri. Katika sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini watu husema *clima* hata kwa hali ya hewa ya leo. Hispania *clima* hasa ni tabia ya nchi ya miaka na miaka.

Dhana: tiempo haina wingi.

Inao. *En tiempos de mi abuela* ni zama za bibi yangu. Injini ya mapigo manne, kama ya bodaboda nyingi, ni *motor de cuatro tiempos*. Na mpira una *primer tiempo* na *segundo tiempo*, yaani vipindi, ingawa Hispania utasikia sana *primera parte*.

Dhana: con tiempo na con el tiempo ni kitu kimoja.

*Ven con tiempo*: njoo mapema, usije ukihema. *Con el tiempo aprenderás*: utajifunza siku zikienda. Hiyo *el* ndogo ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Dhana: “nina miaka miwili hapa” ni tengo dos años aquí.

Mexico na Karibi utasikia *tengo dos años viviendo aquí*, na hawakosei. Hispania watasema *llevo dos años aquí*, na *llevo* inaeleweka popote. Anza nayo. Ukishika *tengo* halafu ukasahau mkia wa sentensi, umebaki na *tengo dos años*: umejitambulisha kuwa mtoto wa miaka miwili.