Alama ya 4G ipo, ukurasa haufunguki: kinachotokea kati ya mnara na kijiji

Kazi yangu ni kupanga mitandao ya simu: mnara usimame wapi, antena itazame upande gani, itumie masafa gani ya mawimbi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona nikiwa Dar video inafunguka papo hapo, lakini nikifika kijijini alama ya 4G ipo juu ya skrini na ukurasa unazunguka tu? Wengi wanaouliza wana jibu lao tayari, kwamba kampuni za simu haziwajali watu wa vijijini. Suala la pesa lipo na nitalifikia, ila kwanza tuangalie simu yenyewe, maana hapo ndipo fumbo kubwa linapofumbuka.

Mnara wa 4G hurusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati kila upande. Simu yako mwisho wake ni wati 0.2. Kwa hiyo unaweza kuwa mahali ambapo simu inausikia mnara vizuri na kuonyesha alama ya 4G, huku mnara hauisikii simu. Ni sawa na muadhini mwenye kipaza sauti anayesikika hadi kijiji cha pili, halafu mtoto wa kijiji hicho ajaribu kumjibu kwa mdomo mtupu. Ukurasa wa intaneti haufunguki mpaka simu iombe na ombi hilo lifike. Ndiyo maana pembezoni mwa eneo la mnara ujumbe unaingia, lakini picha ukiituma inakwama.

Sasa ingia ndani ya nyumba. Nyumba nyingi vijijini siku hizi ni za tofali na bati, na bati ni chuma: mawimbi hayapiti, yanagonga na kurudi. Kinachoingia kinapitia dirishani na mlangoni, na kingine kinapenya ukuta kikiwa kimedhoofika. Nikipima nje ya zahanati ya kijiji naweza kupata kiwango kizuri tu, kisha nikaingia chumba cha dawa, mlango ukafungwa, na kiwango kikashuka desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kumi au zaidi. Kila desibeli kumi zikipotea, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi. Muuguzi anayejaza taarifa kwenye kishikwambi analazimika kutoka nje na kusimama chini ya mti. Kwenye ramani ya mtandao, zahanati hiyo imepakwa rangi: imefikiwa. Ramani nyingi hukokotolewa kwa kompyuta kana kwamba simu iko nje, na vipimo vya barabarani huchukuliwa na gari lenye antena juu ya paa. Hakuna udanganyifu hapo. Ni kwamba kilichopimwa ni kitu kingine, tofauti na kile anachohitaji muuguzi.

Halafu kuna masafa yenyewe, yaani mawimbi yanatikisika mara ngapi kwa sekunde. Ya chini, kama megahezi 700 na 800, yanakwenda mbali na yanapenya kuta vizuri zaidi. Ya juu, kama megahezi 3,500 ambayo sehemu nyingi duniani ndiyo hubeba 5G, yanachoka mapema. Kwa hesabu ya anga tupu, tofauti kati ya 700 na 3,500 ni desibeli 14, yaani mara 25 kwa nguvu. Lakini kwenye masafa ya chini nafasi ni finyu. Mtoa huduma akipata upana wa megahezi 10 huko chini amepata nyingi, ilhali kwenye 3,500 anaweza kupata hata 100. Kwa megahezi 10 na antena mbili, upande mmoja wa mnara wa 4G ya kawaida huishia kwenye megabiti 75 hivi kwa sekunde, na hiyo ni hali bora kabisa ambayo kijijini huioni. Hizo hizo wanagawana wote walio upande huo. Mjini minara imekaribiana, kwa hiyo masafa ya juu yanatosha na spidi inakuwa kubwa. Kijijini unabaki na ya chini, yanayofika mbali lakini yanayojaa haraka saa mbili usiku watu wakitoka kula.

Wale wanaokumbuka zogo la ving'amuzi watafurahi kujua lilihusika. Tanzania ilianza kuzima televisheni ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam, na masafa yaliyoachwa na televisheni ndiyo haya ya 700 na 800. Hayo ndiyo masafa ya kijiji. Mtoa huduma asipokuwa nayo, au akayaweka kwenye minara ya mijini peke yake, kijiji hakitapata 4G ya maana hata ahadi ziwe nyingi kiasi gani. Na simu nayo lazima iyajue: zipo simu janja za bei rahisi ambazo hazina uwezo wa kusikia 700 kabisa. Mwenye simu hiyo atasimama chini ya mnara mpya na kuona 2G, au 3G akibahatika, na atasema mnara mbovu. Ningependa wauzaji walazimishwe kuandika kwenye boksi masafa ambayo simu inayashika, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka.

Mjini mnara unaunganishwa na mkongo, yaani nyaya za nyuzi za mwanga, na habari yake inaishia hapo. Kijijini, nyuma ya mnara kuna dishi dogo linalotazamana na dishi la mnara mwingine, nao unatazamana na mwingine, mpaka mnyororo ufike makao makuu ya wilaya au barabara kuu ambako Mkongo wa Taifa unapita. Kila mnara unaongeza mzigo wake njiani. Wa kwanza kutoka mkongoni unabeba wa kwake na wa wenzake wote walio mbele. Nimeona mahali ambapo mtoa huduma amefunga 4G mpya, vifaa vizuri kabisa, juu ya kiungo kile kile kilichowekwa enzi za 2G kwa ajili ya sauti na meseji. Hewani mtandao ni mwepesi, ila kiungo cha nyuma kimejaa. Mwananchi anaona alama imepanda kutoka E (ya 2G) hadi 4G na spidi imebaki pale pale, na hakuna ramani yoyote iliyochorwa kwa ajili yake inayoonyesha hilo.

Mnyororo huo una udhaifu mwingine: mnara wa katikati ukizima, minara yote inayoutegemea inazima. Na unazima kwa sababu ya umeme. Pasipo na gridi kuna sola na betri, au jenereta, na jenereta inataka dizeli, na dizeli inataka barabara. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, magari yalisimama pande zote mbili. Mnara unaoishi kwa dizeli ya kuletwa na gari hauna subira ya siku nyingi katika hali kama hiyo. Kwangu mimi betri za kutosha na paneli za kutosha ni sehemu ya mtandao sawa na antena, na mpango unaozipunguza ili bajeti ipendeze ninaukataa.

Kuhusu pesa, chukua sensa ya 2022. Mkoa wa Dar es Salaam una watu milioni 5.38 ndani ya kilomita za mraba zipatazo 1,400. Lindi ina watu milioni 1.19 ndani ya kilomita za mraba zaidi ya 66,000, sehemu kubwa ikiwa hifadhi. Mnara wenye eneo la kilomita tano kila upande unafunika kilomita za mraba 78 hivi. Kwa wastani wa Dar hao ni watu 300,000, wanaohitaji minara mingi na kuilipa yote. Kwa wastani wa Lindi ni watu 1,400, watoto wakiwemo, na gharama ya kuujenga na kuuendesha mnara huo ni kubwa kuliko ule wa mjini. Hakuna nia njema inayobadilisha hesabu hiyo, ndiyo maana ruzuku ni lazima. Tanzania imekuwa na sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote tangu 2006, na mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713, pamoja na mpango wa kuongezea uwezo minara 304 ya zamani. Huo wa 304 haukusifiwa sana kwenye hotuba, lakini mimi naona thamani yake kubwa: nguzo, uzio na umeme tayari vipo, kilichobaki ni kubadilisha redio na kunenepesha kiungo cha nyuma.

Rwanda ilifanya jambo ambalo kila mpangaji wa mitandao anapaswa kulisoma. Ilianzisha kampuni moja ya jumla, ubia wa serikali na KT, kampuni ya simu ya Korea Kusini, ijenge 4G na kuwauzia watoa huduma wengine. Huduma ilianza 2014, na ndani ya miaka michache 4G ilifunika karibu nchi nzima. Wateja hawakuja kwa kasi hiyo: simu za 4G zilikuwa ghali, na mtoa huduma aliyenunua 4G kwa jumla hakuwa na sababu kubwa ya kuisukuma wakati 3G ilikuwa yake mwenyewe. Baadaye serikali ilifungua mlango, na 2023 kampuni ya simu ya MTN ikawasha 4G yake. Ramani ilikuwa imejaa rangi miaka yote hiyo.

Kwa hiyo ningeomba ruzuku yetu ilipwe kwa kipimo kingine. Pimeni ndani ya zahanati, ndani ya shule, ndani ya ofisi ya mtendaji, saa mbili usiku, kutuma na kupokea, na muhesabu saa ambazo mnara ulikuwa umezima kwa mwezi. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mpaka vipimo hivyo vitimie.

Wewe uliyeko kijijini unaweza kuanza leo. Kwenye simu nyingi za Android piga *#*#4636#*#*, fungua taarifa za simu, utafute namba hasi yenye dBm, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Kwa 4G, hasi 95 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Ikifika hasi 115 shida inaanza. Pima nje, kisha ndani. Namba ikiwa nzuri na ukurasa bado unazunguka, huenda mnara au kiungo chake cha nyuma kimelemewa, na hilo ni la mtoa huduma kurekebisha. Namba ikiwa mbaya ndani tu, sogea dirishani, au weka ruta yenye antena ya nje juu ya paa. Ukilalamika, andika tarehe, saa, mahali na namba uliyoisoma, umpelekee mtoa huduma kwanza, na asipokujibu upeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Lalamiko lenye namba fundi anaweza kulifanyia kazi mara moja. Lile la "mtandao unasumbua" hajui aanzie mnara gani.